Maonyesho chuoni: kutundika tingatinga, khanga na vinyago kwenye chumba kimoja

mwl_pwani
Habari za jioni wakuu. Chuo chetu cha ualimu, hapa Tanga, kinaandaa maonyesho ya wiki mbili katikati ya Aprili. Chumba ni mita 12 kwa 7, kuta za tofali za saruji zenye lipu. Ukuta mmoja mrefu ni madirisha yanayotazama magharibi, na mlango uko kwenye ukuta mfupi. Tuna picha 14 za rangi za mtindo wa tingatinga, sm 60 kwa 60 (nane zina fremu, sita zimeletwa zimeviringishwa), khanga 9 na vinyago 6 vya mpingo. Vyote ni vya kuazima. Misumari inapinda au inabomoa lipu. Nianzie wapi?

FundiFremu
Anza na hesabu, drili baadaye. Ukizipanga zote 14 kwenye ukuta wa mita 12, zinakula mita 8.4 na nafasi kati yake inabaki sm 24. Tingatinga ina rangi kali. Zikibanana hivyo jicho halitulii kwenye hata moja. Weka 9 kwenye ukuta mrefu usio na madirisha na 5 kwenye ukuta mfupi usio na mlango. Nafasi itatoka sm 66 kote kuwili.

Kimo: kitovu cha picha kiwe sm 150 kutoka sakafuni. Vuta waya wa nyuma kwa vidole viwili vilivyoachana sm 20 kana kwamba umetundikwa, pima kutoka waya hadi ukingo wa juu wa fremu. Tuseme ni sm 8. Basi tundu liko kwenye 150 + 30 − 8 = sm 172. Wengi husahau kutoa hizo 8, halafu safu nzima inapanda na kushuka kama meno ya msumeno.

Drili ya kugonga, biti ya mm 6 ya saruji, plagi ya plastiki, skrubu ya sm 4. Anza bila kugonga mpaka uvuke lipu, ndipo uwashe kugonga. Lipu hubomoka kwa sababu ya kuigonga tangu mwanzo. Tumia skrubu mbili kwa kila picha, sm 20 kati yake; yenye skrubu moja hupinda kila mlango ukibamizwa.

Hizo sita zilizoviringishwa: zifungue leo, usingoje wiki ya maonyesho. Zilaze kifudifudi juu ya karatasi ya kuokea mikate, na ubao bapa juu yake, siku tatu. Rangi ya mafuta ya tingatinga hunata kwenye joto, hivyo usizipange uso kwa uso, wala usizifunge kwa plastiki ya vipovu huku vipovu vikigusa rangi. Vitaacha alama za duara zisizofutika. Ukija kuziviringisha tena, upande wenye rangi uwe nje, juu ya bomba la inchi 4. Rangi ikiwa ndani hujikunja na kupasuka.

bi_pindo
Mwalimu, kwenye khanga usiguse pini. Tundu la pini huvutwa na uzito wa kitambaa hadi linakuwa mchaniko. Kata utepe wa pamba wenye upana wa sm 8, ushone kwa mkono nyuma ya ukingo wa juu, upitishe bomba la nusu inchi lililozidi kitambaa sm 10 kila upande. Tundika kutoka kwenye dari kwa mshipi wa kuvulia samaki.

Khanga inasomwa, kwa hiyo pima kuanzia jina, yaani maandishi yake, si kuanzia pindo la juu. Khanga ya kimo cha sm 110 kwa kawaida jina lake liko kama sm 30 kutoka chini. Ukitaka jina liwe sm 140 kutoka sakafuni, ukingo wa juu uwe sm 220.

Doti ambayo haijakatwa usiikate, na usiikunje katikati juu ya bomba: majina yote mawili yatasimama wima. Itundike kwa upana wake wote, kama mita 3, na uongeze mshipi wa tatu katikati maana bomba litabonyea.

Tisa ni nyingi kwa chumba hicho. Tundika tano, mbali na madirisha. Jua la saa kumi linachosha nyekundu na zambarau haraka, na khanga ya kuazima ikirudi imepauka utamwambia nini mwenyewe? Shona mapazia mazito, ya kaniki hata.

mpingo_mweusi
Naafiki, ila mshipi wa nailoni hufunguka kwenye fundo la kawaida. Zungusha mara tano kabla ya kukaza, na uufunge siku moja kabla ili unyooke, kisha urekebishe vimo.

Vinyago: kiyoyozi kiwashwe mfululizo au kisiwashwe kabisa. Mpingo hupasuka unapokaushwa mchana na kulowana na hewa ya usiku. Kila kinyago kisimame juu ya boksi la plaiwudi ya mm 18, kimo sm 100, kitako sm 40 kwa 40, na gunia la mchanga kilo 20 ndani chini. Bila mchanga, mtoto akiegemea linaanguka. Kinyago cha ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, kiache mita 1 pande zote, mtu akizunguke. Taa itoke ubavuni. Ikitoka mbele, weusi wa mpingo humeza nakshi.

Kabla ya kuandika "mpingo" kwenye kibandiko, sugua chini ya kitako kwa kitambaa cheupe. Kikitoka cheusi kama dawa ya viatu, huenda ni mti mwingine uliopakwa.

mwl_pwani
Asanteni sana. Vibandiko nibandike na nini? Na fomu ya kuazima iwe na nini?

FundiFremu
Kibandiko sm 10 kwa 7, kulia kwa picha, juu ya kadi ngumu, kwa gundi laini ya kutoa na kurudisha. Mkanda wa pande mbili utaondoka na rangi ya ukuta. Andika msanii, jina la kazi, mwaka, alichotumia, kimo kabla ya upana, na mwenye kazi.

Fomu: thamani iliyokubaliwa, tarehe ya kupokea na kurudisha, nani analipa ikiharibika, na picha za mbele, nyuma na kila kasoro, pande mbili zikisaini siku ya kupokea. Ongeza mstari wa ruhusa ya msanii kuchapisha kazi yake kwenye mabango. Aliyenunua mchoro hajanunua hakimiliki, hivyo saini ya mwenye picha peke yake haitoshi.

bi_pindo
Na khanga zipigwe pasi kabla ya kushona utepe, kwa upande wa nyuma.