Injini ya kusaga ya marehemu baba, Sengerema: tuiuze kama chuma chakavu?

Kifungua Mimba: Ndugu wanajamvi, naomba ushauri kabla ya kikao cha ukoo cha Jumamosi. Marehemu baba alituachia banda la mashine kijijini, lenye injini ya dizeli aina ya Lister, pipa la maji ya kuipoza na kinu cha nyundo ambacho mkanda wake umekauka na kupasuka. Zamani akina mama walipanga madebe ya mahindi na udaga hapo tangu alfajiri, na ukutani bado zinasomeka hesabu za chaki za waliosagiwa kwa mkopo. Umeme ulipofika zikafunguliwa mashine mbili za mota, nasi tukafunga. Wadogo zangu wanataka kuiuza injini kwa kilo, lakini mimi nasita.

Fundi wa Igoma: Kaka, kama ni ile ya nguvu farasi 6, huzunguka mara 650 tu kwa dakika, na ndiyo sababu puli yake ni kubwa na ya kinu, kinachohitaji mwendo wa kasi zaidi, ni ndogo. Mwendo huo wa taratibu ndio unaozidumisha. Izungusheni kwa hendeli kabla ya kuamua lolote. Isipokwama, itawafaa kuvuta maji ya bustani. Kusaga unga kwa dizeli msahau, kwani umeme utawashinda bei.

Mama Vizimba: Mimi naliona banda kuliko injini. Fungeni mota, msage dagaa, pumba na mashudu kwa ajili ya chakula cha kuku. Wafugaji wa sato ziwani msiwakimbilie bado, kwa sababu chakula cha unga hupotelea majini, na mashine ya kutengeneza punje zinazoelea ni gharama nyingine. Kinu kilichosaga dagaa kisirudishwe kwenye unga wa ugali. Harufu yake haitoki.

Mzee wa Kwimba: Wanangu, mama zetu walisaga mtama kwa jiwe, wamepiga magoti, kwa hiyo banda hilo halikuwa jambo dogo. Pigeni picha zile hesabu kabla hamjapaka chokaa. Na msiuze hata parafujo kabla ya mirathi: ukoo hupendekeza msimamizi, mahakama ndiyo humteua.

Kifungua Mimba: Shikamoo Mzee, nimekuelewa, msimamizi bado hatuna. Mdogo wangu amejaribu hendeli jioni hii, gurudumu likaenda nusu mzunguko na kugoma. Amemimina mafuta kwenye silinda, atarudia kesho.