Nakimbia kila siku ila mwili ndo unazidi kuchoka, tatizo usingizi au nakimbia vibaya?

mnunuzi_wa_mwalo
Wakuu habari za jioni. Niko Kigoma, kazi yangu kununua dagaa mwaloni Kibirizi na kuanika. Miezi miwili iliyopita nilipima presha ikasoma 144 kwa 92, daktari akasema kabla ya dawa tujaribu kwanza kupunguza chumvi na mazoezi, basi nikaingia kwenye mbio kwelikweli. Kila jioni natoka huku chini ziwani napandisha mpaka Mwanga, nakaza mwanzo mwisho, nikifika juu moyo nausikia masikioni. Wiki tatu za kwanza nilijisikia safi. Sasa hivi miguu mizito kama nimevaa gamboti lenye maji, hasira za karibu, na kile kilima nakipanda kwa muda mrefu kuliko nilivyoanza. Kulala ndo hivyo, siku za giza, zile zisizo na mbalamwezi, mitumbwi inaingia alfajiri lazima saa kumi niwe mwaloni, na nikitoka mbio usingizi hauji mpaka saa sita. Niongeze au nipunguze? Sitaki kuacha.

kocha_gungu
Ndugu usiongeze chochote. Wewe kila siku ni fainali. Kilima kinauchosha mwili, kuujenga kunafanyika usiku kwenye usingizi mzito, homoni ya ukuaji inatoka kwa wingi saa hizo na misuli inatengenezwa, sasa ukilala masaa manne tu unaamka na deni na jioni unakopa tena. Siku kali weka mbili tu kwa wiki, nyingine kimbia pole pole kiasi kwamba unaweza kupiga stori na mwenzako sentensi nzima, ukiona unakata maneno punguza mwendo hata kama ni kutembea. Najua inauma, vijana wangu wote wanaona mbio za taratibu ni kupoteza muda, ila wanaovumilia ndo wanaopanda. Na siku kali yenyewe isiwe kukaza moja kwa moja, pasha dakika 10, panda kwa kasi dakika 2, shuka unatembea mpaka pumzi irudi, rudia mara 4 au 5 uende nyumbani.

nesi_mama_wawili
Kaka pole. Kitu kimoja fanya kesho, ukiamka kabla hujatoka kitandani weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba hesabu mapigo dakika nzima, andika. Fanya hivyo kila siku. Ukiona yamepanda sana kuliko kawaida yako ujue mwili haujapumzika, siku hiyo kilima kiache. Halafu presha kwa kawaida inashuka ukiwa umelala, kwa hiyo huo usingizi unaoukata unagusa kilekile kilichokufanya uanze mbio. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. WHO wanasema dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mazoezi ya kati, au 75 mpaka 150 za makali, huna haja ya kujiua. Kahawa ya jioni acha, masaa matano hivi baada ya kuinywa karibu nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Na ukisikia kifua kubana au kizunguzungu ukiwa mlimani simama hapohapo nenda hospitali, usisubiri kesho. Presha ukaipime tena pia.

wa_katonga
Mimi nimekaa ziwani miaka mingi, wenzangu hapo juu wamesema vizuri ila wamesahau mwezi. Wewe kazi yako inafuata giza, mbalamwezi ikiwaka dagaa hawakusanyiki kwenye taa na mitumbwi mingi inapumzika. Sasa kwa nini mazoezi yako yasifuate hivyohivyo? Wiki za giza tembea tu au kimbia pole, fanya saa nne asubuhi ukishamaliza kuanika, mchana lala kwa muda wa saa moja na nusu, usiku saa mbili uko kitandani simu iko chumba kingine. Mbalamwezi ndo upande Mwanga kwa kasi maana unalala mpaka kunakucha.

mnunuzi_wa_mwalo
Asanteni sana, @wa_katonga hilo la mwezi sikuwahi kuliwaza kabisa na ndo maisha yangu. Leo asubuhi nimehesabu mapigo 78, nimehesabu mara mbili 78. Wiki hii bado giza, kilima nakiacha. Leo nimetembea ufukweni dakika 40 baada ya kugeuza dagaa, mke wangu kaja pia, tumeongea njia nzima. Mbalamwezi ikiingia narudi hapa na namba.

nesi_mama_wawili
Na presha kaka, usisahau.