Tupeane uzoefu: siku ya ubatizo, ni nani alikutendea jambo dogo ambalo mpaka leo hujalisahau?

Wa_Kariobangi
Hamjambo wote. Jana misa ya pili kulikuwa na watoto 11 wa kubatizwa. Mama mmoja kijana alikuja peke yake, mtoto kifuani, mfuko begani, mvua imemnyeshea tangu steji. Ilipofika zamu ya mshumaa hakuwa na mkono wa kuupokea. Mzee mmoja wa benchi la nyuma, wale wazee wenye koti moja la kila Jumapili, akainuka polepole, akaja akaushika mshumaa wa yule mtoto mpaka mwisho wa ibada. Nta ilikuwa inamdondokea vidoleni na hakuusogeza. Hakuna aliyemtuma.

Usiku sikulala vizuri. Nilimkumbuka cucu (bibi) mmoja wa ploti yetu Dandora. Mwaka 1991, asubuhi ya ubatizo wangu, alinipigia gauni pasi ya makaa, akanipaka mafuta miguuni mpaka katikati ya vidole, na yeye mwenyewe hakuwa wa kanisa letu. Maswali ya padre niliyajibu kama kasuku. Ile mikono ya cucu naihisi hadi leo.

Basi tupeane. Mahubiri tumeyasikia, nataka yaliyokupata wewe.

Jirani47
Nimevuta kiti. Yangu nitaleta nikitoka kazini.

Baba_Pipeline
Sisi ni wa kuzamishwa, na mwaka 2009 maji ya kuzamia hayakuwepo. Waliokuwa Nairobi mwaka ule wanajua. Bwawa la Ndakaini lilikuwa limeshuka, mgao ukawa wa kubahatisha, mfereji unakohoa mara moja kwa wiki saa nane za usiku na ploti nzima inaamka na ndoo. Kanisa letu la mabati huku Pipeline lilikuwa na kidimbwi cha simiti nyuma, kikavu, watoto wanachezea ndani mchezo wa kati.

Tulikuwa watu 9. Tulikuwa tumemaliza mafundisho, tumefunga na kuomba. Mchungaji akasema tuahirishe mpaka mvua. Mwingine akasema twende Mto Athi, lakini nauli ya kanisa zima ingetoka wapi?

Kulikuwa na kijana muuza maji wa mkokoteni, sote tulimjua kwa mluzi wake. Alikuwa anashusha mitungi kwa jirani akatusikia. Akaja akachungulia kile kidimbwi, akauliza maji yafike wapi. Tukamwambia kiunoni. Akapiga hesabu kichwani: lita 2,000 hivi, mitungi 100 ya lita 20. Mkokoteni wake unabeba 18, kwa hiyo safari sita. Tukachanga tukapata pesa za safari nne. Alileta nne, akaenda akaleta ya tano, akaja na ya sita. Mchungaji akamfuata na kijikaratasi cha kuandika deni, akakataa. Alisema, "Hayo ni yangu na Mungu," akafunga mkokoteni kwa mnyororo kwenye nguzo, akaenda msikitini, maana adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa.

Mimi nilizama kwenye maji ya Mwislamu aliyeacha kuuza siku ambayo mtungi ulikuwa dhahabu. Na tulipomaliza, mama mchungaji akafungua mlango wa nyuma, akina mama wa ploti za jirani wakaja na beseni, yale maji wakayachukua yote ya kufulia na kupigia deki. Halikumwagika tone.

Mlinzi_wa_Altare
Hadithi nzuri, ila mwisho umenikwaza. Maji ya ubatizo unafulia nepi? Kwetu maji yaliyobarikiwa humwagwa ardhini mahali safi, hayachezewi.

Baba_Pipeline
Ndugu, kwetu maji ni maji. Aliyebarikiwa ni yule aliyetoka ndani yake.

Mlinzi_wa_Altare
Heshima ya vitu vitakatifu haitegemei mgao wa maji.

Nyakio_Umoja
Mwaka ule mimi nilikuwa naoshea mtoto uso kwa maji ya kikombe, na yale yale namwagia sukuma. Waacheni hao akina mama.

MamaPacha
Nimesoma ya maji nikaweka simu chini kwanza. Sijawahi kuandika hapa.

Mei 2016 nilijifungua mapacha wiki ya 29, katika hospitali ambayo sitaitaja. Wa kwanza gramu 1,200, wa pili hakufika kilo. Baba yao alikuwa Malaba kwenye foleni ya malori. Usiku wa tatu, saa tisa, chumba cha watoto kilikuwa na muuguzi mmoja na watoto wengi kuliko mikono yake. Nilikuwa nakamua maziwa kwenye kikombe. Nikaona kifua cha yule mdogo kinaruka, kinasimama, kinaruka. Muuguzi akakimbia, akafanya yote aliyoweza. Halafu akaniangalia, akainamisha macho. Nikaelewa.

Nikaanza kusema "hajabatizwa, hajabatizwa", nasema hivyo tu kama mtu aliyerukwa na akili. Padre nitamtoa wapi saa tisa usiku, na simu imezima? Kwenye korido kulikuwa na mama wa usafi anapiga deki. Aliegemeza mopu ukutani, akavua glavu, akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Hakufanya haraka. Akaja akaniuliza, "Mama, anaitwa nani?" Sikuwa nimempa jina, nilikuwa naogopa kumpa. Nikataja jina la mama yangu. Muuguzi akampa maji safi kwenye bomba la sindano. Yule mama akaingiza mkono kwenye kidirisha cha inkubeta, akadondosha maji kichwani mara tatu, kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, bila kukosea neno. Aliniambia nimshike mtoto mguu wakati anayasema. Mguu wenyewe ulikuwa kama kidole changu cha mwisho.

Mtoto alituacha saa kumi na moja alfajiri. Zamu ya yule mama ilikuwa imekwisha na hakuondoka. Alifungua leso aliyojifunga kiunoni, tukamfunika nayo mtoto, kwa sababu sikuwa na kitu kingine kisafi. Akatoka nje, akarudi na chai ya kioski na mandazi mawili, akasimama pale mpaka nikanywa. Alisema, "Kunywa mama, kuna mwingine anakungoja."

Niliporudi kumtafuta niliambiwa kampuni ya usafi ilibadilishwa. Jina lake silijui. Yule mkubwa sasa yuko shule, anakimbia, ananisumbua kwa mpira ndani ya nyumba.

Kinachonifanya niandike ni hiki. Mwaka jana mtu mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba ule haukuwa ubatizo, kwa sababu aliyebatiza hakuwa padre na hata dini yake hatuijui. Neno hilo nimelibeba mwaka mzima, naenda nalo kaburini, narudi nalo.

Jirani47
Mama, nimesimamisha matatu nikashuka nilie kando ya barabara. Pole sana.

Nyakio_Umoja
🙏🏾🙏🏾 Mungu amtunze huyo mama wa usafi popote alipo.

Sabato_Kawangware
Poleni. Lakini tuseme kweli ya Maandiko: Marko 16:16, aaminiye na kubatizwa. Kuamini kunatangulia. Mtoto mchanga hana dhambi wala hahitaji

Wa_Kariobangi
Kaka, simama hapo hapo. Si leo na si kwa huyu mama.

Baba_Pipeline
Hata mimi naamini ubatizo ni wa mtu mzima, na nimekaa kimya. Kuna wakati wa kutaja mstari na kuna wakati wa kuleta chai.

Mlinzi_wa_Altare
Kwa hili niko na Baba Pipeline.

Katekista_Mstaafu
MamaPacha, binti yangu, nimefundisha wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, miaka 26, naomba unisikilize. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 861, inasema kwamba palipo na dharura mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa anaweza kubatiza. Kanisa linafundisha kuwa hata asiyebatizwa mwenyewe anaweza. Yanayohitajika ni maji ya kweli, maneno ya Utatu, na nia ya kufanya kile Kanisa linachofanya. Yule mama alikuwa na yote matatu. Mtoto wako alibatizwa, tena vizuri. Aliyekuambia vingine alikosea, na kwa kuwa alikosea mbele ya watu, akuombe msamaha mbele ya watu.

Sasa nenda ofisi ya parokia, uombe jina la mtoto liandikwe kwenye daftari la ubatizo. Shahidi mmoja wa kuaminika anatosha, kanuni ya 876. Wewe ulikuwepo, ulimshika mguu.

Jirani47
Mimi nasema usiende popote. Mbinguni hawasubiri muhuri wa parokia.

Nyakio_Umoja
Nenda! Muhuri si wa mbinguni, ni wa kumnyamazisha yule aliyekusema mbele ya wenzako.

Binti_Mitumba
Mtafute kwa leso. Leso huwa na jina, na mwenye leso halisahau. Ilikuwa imeandikwa nini?

MamaPacha
Rangi ya samawati na kingo nyeupe. Maandishi yalikuwa yamefutika kwa kufuliwa, niliona neno "mama" tu. Tulimzika nayo.

Mzee Katekista, asante. Nimemsomea baba yao ujumbe wako mara mbili. Jumanne tutaenda ofisini pamoja.

Sabato_Kawangware
MamaPacha, nisamehe. Niliandika haraka na sikukusoma mpaka mwisho. Nimerudia kusoma nimeona haya.

Nami nilete yangu. Nilibatizwa nikiwa na miaka 19, Sabato ya mvua. Viatu nilikuwa nimeazima kwa binamu. Nikatoka majini nikakuta vimechukuliwa. Siku ya kuzaliwa upya, nimesimama na nguo inayochuruzika, nawaza nitamwambia nini binamu. Kijana mmoja hata hatukuwa tumesalimiana akavua kandambili zake akanipa, akatembea pekupeku kutoka kanisani mpaka Kawangware kwenye tope la kufika kifundoni. Nilikuwa nimekariri mafungu yote ya ubatizo. Sikuwa nimemuona yule mlinzi wa gereza wa Filipi, Matendo 16. Usiku ule ule, kabla hajabatizwa, aliwaosha kwanza Paulo na Sila majeraha yao. Maji ya kwanza yalikuwa ya wengine. Nilikuja kuliona hilo nikiwa na zile kandambili miguuni.

Baba_Pipeline
Hapo tumekutana, ndugu yangu.

Mama_Korona
Wangu alizaliwa Februari 2020, Machi makanisa yakafungwa. Julai yakafunguliwa, watu 100, saa moja tu, na watoto chini ya miaka 13 hawaruhusiwi. Sasa utabatizaje mtoto ambaye haruhusiwi kuingia? Kila Jumapili mama mboga wa mlangoni petu alikuwa ananiuliza, "Bado?" Siku yenyewe ilipofika alifunga kibanda, akaja na kitunguu bado kinanukia mikononi. Hiyo tu. Alifunga kibanda Jumapili asubuhi.

Binti_Mitumba
Wangu nilizungushwa. Ofisi moja waliniuliza cheti cha ndoa, nyingine wakasema msimamizi awe mume na mke waliofunga ndoa kanisani, nyingine wakaniuliza michango ya jumuiya, kile kikundi cha waumini cha mtaani. Nilikuwa na miaka 21, mtoto hana baba wa kumtaja. Mama mmoja tunayepakana naye vibanda Gikomba alifunga bidhaa zake saa tano, saa ya wateja, akanishika mkono tukaenda. Kule ofisini aliketi akasema, "Hatutoki." Aliyasema hayo kwa upole kabisa. Ndiye mama wa ubatizo wa mwanangu. Kila Januari ananiuliza viatu vya shule ni namba ngapi.

Katekista_Mstaafu
Kwa wengine wanaozungushwa: msimamizi mmoja anatosha, mwanamume au mwanamke, awe ametimiza miaka 16 na awe na kipaimara. Kwa mtoto wanaangalia mzazi mmoja awe amekubali na kuwe na tumaini kwamba atalelewa katika imani. Mtoto hana ndoa ya kuulizwa. Januari 2014 Papa Fransisko mwenyewe alibatiza kwenye kikanisa cha Sistina mtoto wa wazazi waliofunga ndoa ya serikali tu. Michango ni wajibu wa muumini, ila isiwe kizuizi cha mlangoni.

Mlinzi_wa_Altare
Mzee, taratibu zipo kwa sababu. Wengine wanabatiza halafu hatuwaoni tena.

Katekista_Mstaafu
Kweli, na wengine hatuwaoni tena kwa vile tulivyowapokea mara ya kwanza.

Mgeni_wa_Lodwar
Shikamooni. Nimekuwa nikisoma kimya tangu jana. Niko Nairobi mwaka mmoja, kazi za nyumbani, sina ndugu hapa. Binti yangu wa miezi mitano anabatizwa Jumapili ijayo huku Donholm. Msimamizi nimepata kwenye jumuiya. Nguo nyeupe ndiyo sina. Je, ni lazima iwe gauni?

Jirani47
Shati jeupe safi linatosha, hata la baba mwenye nyumba 😄

Nyakio_Umoja
Gikomba saa kumi na mbili asubuhi, kabla hawajachagua. Usikubali bei ya kwanza.

Binti_Mitumba
Asisumbuke na Gikomba, mimi nitaangalia kwenye bunda la kesho.

MamaPacha
Mgeni, ngoja. Nilikuwa nimenunua gauni mbili kabla sijajifungua. Moja ilivaliwa. Nyingine iko kwenye mfuko wake kabatini. Ni ya miezi sita, ina kofia na soksi.

Mgeni_wa_Lodwar
Mama, hiyo siwezi kuichukua.

MamaPacha
Imekaa sana inanuka kabati. Naifua leo, naianika. Jumamosi saa nne nitakuwa steji ya Donholm upande wa kuingia mjini, nimevaa sweta la kijani. Mje na mtoto tumpime.

Mgeni_wa_Lodwar
Tutakuja.