Tupeane uzoefu: mkikwama kwenye kutafuta mawazo mnafanyaje?

Wakuu, naanza mimi. Kazini tulitafuta jina la bidhaa mpya. Watu wanane mezani, bosi akafungua kikao kwa kutaja jina lake. Kwisha habari! Yaliyofuata yote yakawa wadogo zake jina hilo. Saa nzima, majina manne. Nyie wenzangu mnatokaje hapo?

Kalamu Kavu: Sisi tuliacha kusema, tunaandika. Ni njia ya Mjerumani Bernd Rohrbach, ya mwaka 1968. Watu 6, kila mmoja anaandika mawazo 3 kwa dakika 5, halafu karatasi inahamia kwa jirani, naye anaendeleza alipoishia mwenzake. Nusu saa mna mawazo 108. Mengi takataka, sidanganyi. Raundi ya tatu ndiyo chungu, kichwa kinakauka kabisa. Ya nne vituko vinaanza kutoka, na humo humo ndimo dhahabu ilimo. Kuna dada kwetu hafungui mdomo kikaoni. Wazo tulilolifanyia kazi mwaka huu lilitoka kwake.

Bundi: Ila Osborn, yule mtu wa matangazo wa Marekani aliyeanzisha hivi vikao vya kutafuta mawazo pamoja, tusimsingizie. Alisema wazi: hakuna kuhukumu mawazo wakati bado yanatafutwa. Tatizo ni foleni. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha: watu wanne, kila mmoja peke yake, mawazo yao yakijumlishwa yaliwazidi wanne waliokaa pamoja. Ukingoja zamu yako unasahau ulichotaka kusema, au unakiona cha kijinga. Mimi natuma swali jana yake, kila mtu anakuja na yake kwenye karatasi.

Mama Wawili: Mie nafanya kazi peke yangu, sina wa kukaa naye kikao. Nageuza swali. Badala ya "wateja warudi vipi?" najiuliza "nifanye nini wasirudi kamwe?" Orodha ilijaa upesi: nisipokee simu, nicheleweshe oda, nisiwape bei mpaka waulize mara tatu. Kusoma tena… matatu kati ya hayo nilikuwa nayafanya tayari 😅

Mwanzisha mada: Kalamu Kavu, karatasi zenu zina majina? Maana mwandiko wa bosi wetu hata mlinzi anaujua.

Kalamu Kavu: Hazina. Kwenu mwambieni kila mtu aandike kwa herufi kubwa, bosi naye akiwemo.