Nairobi ilianza lini kunywa kokteli, na kwa ruhusa ya nani?

Mdadisi wa Ngara

Ndugu wanajukwaa, kila ninaposoma kuhusu baa za Nairobi naelezwa kwamba kokteli zilianzia katika hoteli za walowezi, hasa Norfolk iliyofunguliwa siku ya Krismasi mwaka 1904, kisha zikaenea taratibu hadi mitaani. Maelezo hayo hayaniridhishi, kwa kuwa yanaruka zaidi ya nusu karne bila kusema mkazi wa Pumwani, mtaa wa Waafrika mjini humo, alikuwa akinywa nini, wapi, na kwa ruhusa ya nani. Anayeifahamu historia hiyo naomba anifafanulie.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mdadisi, jambo lililochelewesha kokteli kufika mitaani lilikuwa sheria. Mwaka 1919 madola ya kikoloni yalitia saini mkataba huko Saint-Germain-en-Laye wa kudhibiti biashara ya pombe kali barani Afrika, na nchini Kenya sheria za koloni zilimkataza Mwafrika kununua wiski, jini na brandi karibu hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Bila vinywaji hivyo hakuna kokteli ya kuzungumzia. Hivyo mhudumu wa Klabu ya Muthaiga, iliyofunguliwa mwishoni mwa 1913, aliweza kumtilia mlowezi jini na matone ya Angostura (kiungo kichungu cha kutia ladha) usiku kucha, lakini yeye mwenyewe akinunua chupa hiyo hiyo angekuwa mvunja sheria.

Bia nayo haikuwa ya wote. Kiwanda kilichokuja kutoa Tusker kilianzishwa Ruaraka mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst (huyo George aliuawa na tembo mwaka uliofuata, na ndiyo asili ya jina la bia hiyo, kwani Tusker kwa Kiingereza ni tembo mwenye pembe), ila Mwafrika aliruhusiwa bia ya chupa baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Kabla ya hapo, kinywaji chake halali mjini kilikuwa pombe ya kienyeji iliyouzwa katika kilabu cha halmashauri huko Pumwani, kwa utaratibu ulioigwa kutoka Durban: serikali ya mji ilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuuza, na faida ikaelekezwa kwenye huduma za Waafrika, yaani mnywaji aligharamia huduma zake mwenyewe. Wanawake waliopika majumbani walikamatwa mara kwa mara, na bado waliendelea, kwa kuwa pombe ilikuwa miongoni mwa biashara chache zilizomwezesha mwanamke kuishi mjini kwa fedha zake.

Binti wa Kiambu

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu sheria, lakini haielezi kila kitu, maana marufuku iliondolewa na bado baa za kawaida zikabaki za bia kwa miongo mingi. Mimi natazama namna baa zenyewe zilivyojengwa. Katika baa nyingi za mitaani kaunta imezungushiwa nondo au wavu wa chuma, pesa zinapita katika kitundu na chupa inatoka hapo hapo. Mhudumu anakuuliza kama unataka baridi au moto, kisha anaifungua mezani ukiwa unaona. Mnywaji aliyezoea kuiona chupa yake ikifunguliwa mbele ya macho yake hawezi kuamini kwa urahisi glasi iliyochanganywa nyuma ya nondo, na gharama ya barafu na ndimu ni suala jingine.

Tusisahau pia kwamba kuchanganya hakukuletwa na wageni. Muratina ya Wagikuyu hutengenezwa kwa asali au maji ya miwa, na matunda makavu ya mvungunya ndiyo yanayochachusha.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, binti. Hoja ya nondo naikubali, tena inasaidia kueleza kwa nini kokteli iliyokuja kutambulika kuwa ya Nairobi ilitokea mahali pasipo na nondo. Ni Dawa, ya mkahawa wa Carnivore uliofunguliwa Langata mwaka 1980. Msingi wake ni caipirinha, kokteli ya Brazili, ila vodka ilichukua nafasi ya pombe ya miwa, na asali ikaingia pamoja na sukari. Vipande vya ndimu huwekwa katika glasi yenye barafu, na mnywaji hupewa kijiti kilichopakwa asali ili apondeponde na kukoroga mwenyewe mezani, kwa kiasi anachotaka.

Mdadisi wa Ngara

Nawashukuru nyote. Kwa maelezo haya naona chang'aa, pombe kali ya kienyeji, nayo inastahili kuingizwa katika historia hiyo hiyo, kwani ilihalalishwa mwaka 2010 kwa sheria ile ile iliyoamuru baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Leo Nairobi inatengeneza jini kwa matunda ya mti wa mwangati wa milima ya Kenya na kuiuza hadi ng'ambo, ilhali mpishi wa chang'aa mtaani angali anakimbizana na polisi. Kama yupo anayejua masharti ya leseni yalivyomkwamisha mpishi huyo, naomba aendeleze mjadala.