Nauza michoro ya kushonea mtandaoni lakini sina akaunti ya benki. Nianzie wapi?

Sindano_Butu:
Wakuu, salaam. Nachora michoro ya kukatia nguo. Mteja anapakua faili la PDF, anachapa, anaunganisha karatasi, anakata kitambaa. Ninayo 14 tayari. Wanaoulizia wengi wako nchi za nje, na wote wanaishia palepale: nikulipe vipi? Mimi nina pesa za simu na pasipoti, basi. Benki nilikwenda, wakataka cheti cha usajili wa biashara na bili ya umeme yenye jina langu. Nimepanga, bili ina jina la mwenye nyumba. Binamu yangu aliye ng'ambo kasema nitumie akaunti yake ya malipo ya mtandaoni. Nikubali?

Kobe_Mbioni:
Dada, kwa binamu usiguse. Mimi nilikuwa nauza violezo vya barua za kuombea kazi, hela zinaingia kwenye akaunti ya shemeji. Miezi miwili raha tupu. Wa tatu mauzo yakapanda, kampuni (siitaji) ikataka kitambulisho na maelezo ya biashara. Shemeji ni fundi magari, ataeleza nini kuhusu violezo? Akaunti ikafungwa, hela zikashikiliwa siku 180. Zilipoachiwa zikaenda kwa shemeji, na hapo ikaanza kesi nyingine ya kifamilia, tuiache.

Kosa langu nilianza na duka. Wiki tatu nahangaika na nembo, sijajiuliza hela itanifikiaje. Wewe anza na kutoa hela. Kila jukwaa lina ukurasa unaoeleza wauzaji wanalipwaje: soma kama nchi yako imo, na kama imo kwa kupokea au kwa kutuma tu. Huduma nyingine zinakuruhusu kulipa watu huku wewe mwenyewe hulipwi! Halafu jina: la jukwaani, la akaunti ya kupokelea na la pasipoti yafanane herufi kwa herufi.

Kwa faili za kupakua, tafuta jukwaa linalosimama lenyewe kama muuzaji kisheria. Gumroad wako hivyo tangu Januari 2025. Kadi ya mteja na kodi ya mauzo ni shughuli yao, wewe unasubiri salio lako. Ila piga hesabu ya makato. Jukwaa likikata asilimia 10 na senti 50 juu yake, mchoro wa dola 2 umeliwa senti 70. Uza kwa mafungu ya mitatu au minne.

Ngalawa77:
Mbona mnazunguka? Afungue pochi ya USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, alipwe leo leo.

Kobe_Mbioni:
Ngalawa, kama wateja wake wanayo tayari, sawa. Lakini mtu anayetaka kushona gauni hawezi kujifunza pochi ya sarafu za kidijitali kwa ajili ya mchoro mmoja. Akikosea anwani, hela imekwenda, hakuna wa kumpigia simu. Na Sindano bado atahitaji mtu wa kumbadilishia. Hapo ndipo matapeli wamejaa. Nakukubalia kitu kimoja: malipo ya sarafu za kidijitali yakishatumwa, mteja hawezi kuyarudisha. Ya kadi mteja anaweza kuyapinga, mara nyingi hadi siku 120 baadaye. Kwa hiyo dada, hela ya kadi ikiingia usiitumie yote.

Uzi_Mweusi:
Nina swali kwa mwenye mada. Benki uliomba akaunti ya biashara au ya mtu binafsi? Cheti cha usajili kinadaiwa kwenye ya biashara. Majukwaa mengi yanamlipa mtu binafsi kwa jina lake bila shida, ukikua ndipo usajili kampuni. Na bili ya umeme si msahafu. Waulize kwa maandishi wanapokea nini kingine kuthibitisha makazi. Sehemu nyingi mkataba wa kupanga unapita.

Sindano_Butu:
Uzi_Mweusi umenishika. Niliomba ya biashara, nilidhani ukiuza chochote ni lazima iwe hiyo. Mkataba wa kupanga ninao, ila jina la kati limeandikwa tofauti na pasipoti. Kesho naanza na mwenye nyumba aurekebishe kabla sijarudi benki. Binamu nimeshamwandikia kwamba sitatumia akaunti yake. Amejibu haraka mno, nadhani naye alikuwa anatafuta namna ya kujitoa.