Nimeuziwa adapta 12 za USB pale Luthuli, hakuna hata moja inayobuti kwa mtandao

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nina laptopu 12 za mtumba, zile nyembamba zisizo na tundu la waya wa mtandao, za maabara ya kituo kidogo huku Umoja. Hazina diski. Mpango ulikuwa zivute Linux kutoka kwa seva, kwa hivyo lazima adapta ya USB ya kuchomekea waya wa mtandao, na si adapta yoyote tu. Nikashuka Luthuli Avenue, hapa Nairobi, nikamweleza muuzaji polepole: nataka inayobuti kwa PXE, yaani laptopu iwake kwa kuvuta mfumo kupitia mtandao. Akaapa. "Bosi, hiyo ukichomeka tu inaingia." Akaichomeka kwenye laptopu yake ya Windows, intaneti ikaja, nami kwa ujinga wangu nikatoa 1,500 kwa kila moja. 18,000 zikaenda hivyo.

Hapo ndipo aliponinasa. Windows ikishaamka ina draiva zake, programu za kuendesha vifaa. Wakati wa kubuti hakuna Windows wala Linux, kuna UEFI peke yake, ile programu ya ndani ya mashine inayoiwasha, nayo huiona adapta ikiwa tu UEFI yenyewe ina draiva ya chipu iliyo ndani ya adapta. Ikikosa draiva, hata uchomeke ya dhahabu haitaiona.

Nimezima Secure Boot, ule ulinzi unaokagua saini za programu za kubuti. Nimezima Fast Boot, maana hiyo huweza kuruka vifaa vya USB. Nimewasha mtandao ndani ya UEFI, nimeondoa habu nikachomeka moja kwa moja. Menyu ya kubuti haina kadi ya mtandao. Kwenye seva nikaweka tcpdump, programu ya kuchungulia mtandao, isikilize poti 67: kimya, hakuna hata ombi moja la DHCP, lile la kuomba anwani ya IP. TFTP ya poti 69, inayoshusha faili la kubuti, huja baada ya hapo, kwa hivyo wewe unayetaka kuniambia nikague faili la kubuti, tulia kwanza.

Nikachomeka moja kwenye kompyuta inayotumia Linux, nikapiga lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Boksi limeandikwa gigabiti, chipu ya Realtek RTL8153. Lsusb inasema 0bda:8152, yaani Realtek RTL8152. Hiyo ni chipu ya megabiti 100! Nne nyingine kutoka mfuko ule ule si Realtek kabisa. Zinajitambulisha kama CD yenye draiva. CD, jameni! Sasa UEFI itabuti mtandao kutoka kwa CD ya draiva za Windows?

Fundi jirani akaniazima adapta yake kuukuu, 8153 ya kweli. Mashine ile ile, tundu lile lile, waya ule ule: PXE ikaamka, IP ikapatikana, kerneli, kiini cha Linux, ikashuka. (Ilikwama baadaye kwa kuwa initrd yangu, ule mfumo mdogo wa kuanzia Linux, haikuwa na moduli ya r8152, draiva ya chipu hizi, na kerneli hairithi draiva ya UEFI. Hilo kosa ni langu na nimeshalirekebisha, msinirukie.)

Leo nimerudi dukani. Mara shida ni seva yangu, mara laptopu zangu zimezeeka, mara "si unaona taa inawaka?" Nikamwonyesha picha ya lsusb kwenye simu, akaitazama kama mtu anayeonyeshwa picha za harusi ya watu asiowajua. Kisha akaninyooshea kibandiko cha ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Nikamwambia kibandiko hakishindi kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Akasema basi niende nikashtaki, akageukia mteja mwingine. Na unajua alikuwa anamuuzia nini? Adapta zile zile.

Darasa linaanza Jumatatu. Nani anajua duka hapa mjini linalokubali uchomeke, upige lsusb, uione 8153 kwa macho yako ndipo ulipe? Nahitaji 12. Na kama kuna aliyewahi kurudishiwa pesa zake na hawa watu, aniambie alitumia mbinu gani, maana mimi sauti imenikauka.